Matope ya Tshangalele

Bandugu, siye watoto wa Likasi tunakulaka samaki ya Tshangalele bila kuuliza ziwa lile lilitoka wapi. Lilianza mwaka 1930, wakati mto Lufira ulifungwa na baraji ya Mwadingusha ili kupata umeme. Shituru ilikuwa imeanza 1929: mawe ya shaba yanatiwa ndani ya asidi, halafu umeme unavuta shaba. Mabaki yalishuka ku Buluo na Panda, mpaka Lufira, mpaka ziwani. Kule mayi inatulia, na kile inabeba kinakaa chini. Yaani ziwa likageuka beseni la kusafishia mayi ya kiwanda, na wavuvi ndani yake!

Vipimo vilikuja nyuma sana. Mwaka 2010 watafiti walitangaza vipimo vya Lufira ya juu, na hawakupima mayi peke yake: walipima pia matope, majani na samaki.

Mimi kwa kazi yangu ya licence nilichota chupa moja ya mayi ku Panda. Ilikuwa nyeupe, nikafurahi. Mwalimu akauliza tu: «Na matope iko wapi?» Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Chupa inasema habari ya asubuhi ile. Matope inachunga ya tangu wakati wa babu zetu, na mvua ikijaza mto, inapanda mpaka shambani.

Pale pembeni mama mmoja alikuwa anamwangilia lengalenga zake. Akanipa fungu moja ya kupeleka nyumbani. Nilipokea.