Seti ya Chrysler Haikuliua Gari la Dukani

Wapenzi wa mbio za zamani za magari ya Marekani wana lawama isiyokauka: kwamba mchezo uliharibika pale kiwanda kilipoanza kuuza gari la mbio likiwa vipande, tayari kuunganishwa, badala ya kumwachia fundi anunue gari la kawaida alinoe kwa mikono yake. Anayelaumiwa zaidi ni Chrysler, ambayo katikati ya miaka ya 1970 ilileta seti ya kuundia gari la mbio. Naona lawama hiyo imempata asiyehusika. Seti ililikuta gari la dukani limekwisha kufa siku nyingi, ikakataa tu kuendelea kujifanya kuwa bado li hai.

Kifo chenyewe kilianza mapema. Tarehe 19 Juni 1949, mjini Charlotte, North Carolina, chama cha NASCAR kiliandaa mbio zake za kwanza zilizodai gari liingie uwanjani kama lilivyotoka kiwandani. Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza kwa Ford ya 1947. Wakaguzi walipochungulia chini yake wakakuta springi za nyuma zimekazwa, ujanja wa wasafirishaji wa pombe ya magendo, ambao hawakutaka gari lilale likibeba mzigo. Dunaway akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper aliyeendesha Lincoln. Mwenye ile Ford akaenda mahakamani, akashindwa. Basi kanuni na uvunjaji wake vilizaliwa siku moja. Baadaye kanuni yenyewe ikalegezwa, na kwa sababu nzuri: gari la familia halikuumbwa kuvumilia mwendo ule, na dereva alihitaji kizimba cha chuma cha kumkinga likipinduka. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, karakana ya Holman-Moody, iliyofanya kazi ya Ford, ilikuwa ikichukua sehemu ya mbele ya chasisi ya Ford Galaxie na kuichomelea chini ya Ford Fairlane. Muongo uliofuata, Banjo Matthews wa Arden, North Carolina, aliunda magari kwa yeyote mwenye fedha, na chini ya bodi ya Chevrolet ungekuta ekseli ya nyuma ya Ford, ile ya inchi 9. Shabiki aliyekaa jukwaani akishangilia Chevrolet alikuwa anashangilia bati.

Wakati huo ndipo Chrysler ilipokuja na seti. Wahandisi wake, wakiongozwa na Larry Rathgeb, walishirikiana na Petty Enterprises, karakana ya ukoo wa dereva wa mbio Richard Petty. Mnunuzi alipata fremu iliyochomelewa, kizimba, saspensheni na breki. Injini ilikuwa ya V8 yenye inchi za ujazo 360, na juu yake bodi ya Dodge Aspen au Plymouth Volaré. Walengwa walikuwa madereva wa viwanja vifupi vya mikoani, watu wanaoshinda gereji wiki nzima na kushindana Jumamosi usiku. Huko ndiko thamani yake ilikokuwa. Jinsi ya kupanga pembe za magurudumu, au mahali pa kufunga mkono wa saspensheni ili gari lisiteleze nje ya kona, ilikuwa siri ya karakana chache. Seti ilikuja na maelekezo yake, na siri ikawa ya kila mwenye kusoma.

Atakayepinga atasema kwamba fundi akipewa kila kitu tayari, ubunifu hufa. Hoja hii ina uzito, na sitaipuuza: magari yalizidi kufanana, na macho ya fundi aliyejua kuona gari la mbio ndani ya gari kuukuu yakakosa kazi. Lakini ufanano huo uliletwa na karakana za akina Matthews kabla ya seti na baada yake, kwa sababu anayeshinda huigwa. Wala seti haikuuteka mchezo. Chevrolet iliendelea kujaa viwanjani, na Chrysler yenyewe ikazama katika matatizo ya fedha hata ikahitaji dhamana ya serikali mwaka 1980. Chombo kilichoshindwa kutawala hakiwezi kubeba lawama ya kubadili mchezo mzima.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni gari la mwaka 1978. Mwaka huo Chrysler iliuza Aspen na Volaré za barabarani zilizofanana na gari la seti: vipande vilivyotuna juu ya magurudumu vikiwa vimekazwa kwa skrubu zinazoonekana, vibanio vya chuma kwenye kioo cha mbele, na namba 43 ya Petty ya kubandika mlangoni. Mwaka 1949 gari la mbio lilitakiwa kufanana na la dukani; miaka 29 baadaye la dukani ndilo lililoiga la mbio. Kwa hiyo wanaoandaa mbio za magari ya kale leo wasiyaweke magari ya seti pembeni kama watoto wa kambo, na wanaoyakarabati wasisage alama za kuchomelea za karakana ya kwanza. Alama hizo ndizo historia yenyewe.