Sikiliza gari kabla ya kulifungua

Juma hili nataka tuzungumze juu ya maradhi ya magari yasiyoonekana kwa macho, yaani kelele na mtetemo.

Miaka iliyopita nilikuwa na gari dogo kuukuu. Kila lilipofika mwendo wa kilomita 70 kwa saa, usukani ulinitetemeka mikononi. Gereji moja ikanibadilishia shokomzoba, nyingine boljointi. Pesa zikaisha, mtetemo ukabaki palepale. Mwishowe nikampata mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Huyu hakufungua hata nati moja. Aliniuliza: “Unatetemeka usukani au kiti? Mwendo gani?” Kisha akaketi kando yangu, tukaingia barabarani. Tulipofika mwendo ule akaniamuru nitoe gia na kuacha mafuta. Mtetemo haukukoma.

“Basi injini haina kosa, mwanangu,” akasema. Tuliposimama akalala chini, akayapapasa matairi ya mbele kwa upande wa ndani. Moja lilikuwa limevimba kama jipu. Lilikuwa limebakiza kupasuka tu, na siku hiyo nilikuwa nimekusudia kuwapakia watoto kwenda shamba.

Utaalamu wa mzee yule una historia ndefu. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaliweka kifuani mwa mgonjwa, akasikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Fundi anayegusisha ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni hufanya jambo lilelile. Chuma humletea sauti ya beringi iliyokwisha.

Magari ya kwanza yalitetemeka mno. Mwingereza Frederick Lanchester, aliyezaliwa mwaka 1868, hakuridhika. Gari lake la kwanza, la miaka ya 1895 na 1896, lilikuwa na krenki mbili zinazozunguka kinyume, ili msukosuko wa moja ufute wa mwenzake. Baadaye alibuni vyuma viwili vyenye uzito upande mmoja, vinavyozunguka mara mbili ya kasi ya injini, kuituliza injini ya silinda nne. Wazo hilo lilisahauliwa na wengi, hadi kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilipolifufua katika miaka ya 1970.

Upimaji wenyewe ulipata nguvu kutoka kwa watu ambao hawakuwa mafundi wa magari. Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, alionyesha kwamba mwendo wenye mchanganyiko unaweza kuchambuliwa ukawa miendo midogo iliyo sahili. Mwaka 1965 Wamarekani James Cooley na John Tukey walitangaza njia ya kuifanya hesabu hiyo haraka kwa kompyuta. Kelele iliyokuwa vurugu tupu ikaanza kutaja majina ya waliomo ndani yake.

Tuchukue mfano. Gari likienda kilomita 72 kwa saa, hupita mita 20 kila sekunde. Tairi lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 10. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 100 kila sekunde. Basi chombo kikionyesha mtetemo wa mara 10 kwa sekunde, shuku gurudumu. Kikionyesha 100, iangalie injini. Siku hizi hata simu ya mkononi ina kifaa cha kuhisi mitetemo kama hiyo.

Lakini mzee yule hakuwa na simu wala kompyuta. Alikuwa na maswali mazuri, na subira ya kusikiliza kabla ya kushika spana. Wengi wetu tumezoea kuongeza sauti ya redio ili tusisikie gari likilalamika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Barabarani, ndugu zangu, huenda usipate hata nafasi ya kuujenga huo ukuta.