Nani Alipe Gharama ya Elimu? Historia Fupi ya Mikataba ya Maktaba na Uchapishaji Huria

UTANGULIZI

Mtu akisikia leo kwamba mhadhiri wa chuo kikuu fulani ameweza kuchapisha makala katika jarida la ng'ambo, makala hiyo ikasomwa na ulimwengu mzima bila malipo, na yeye mwenyewe asitozwe hata senti moja, huenda akadhani kwamba wachapishaji wameingiwa na huruma. La, sivyo. Nyuma ya jambo hilo pana mkataba, na nyuma ya mkataba pana mvutano wa miaka mingi baina ya maktaba na makampuni ya uchapishaji. Makala hii inakusudia kueleza historia ya mikataba hiyo: imetokana na nini, ilianzia wapi, imetufikia vipi sisi wa Afrika Mashariki, na ina maana gani kwa mtaalamu anayeandika kwa Kiswahili.

Yafaa tangu mwanzo tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuchapisha bila ada si sawa na kuchapisha bila gharama. Uhariri, upangaji wa kurasa na uhifadhi wa makala vyote vina gharama, iwe jarida ni la karatasi au la mtandao. Kwa hiyo swali la kihistoria si kama kuna malipo au hakuna, bali ni nani alipe, na kwa kulipa huko anapata mamlaka gani.

CHIMBUKO LA TATIZO

Jarida la kitaaluma kama tulijuavyo lilianza mwaka 1665. Mwaka huo ndipo Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alipoanzisha Philosophical Transactions, miezi michache tu baada ya Journal des sçavans kutokea Paris. Kwa muda mrefu baada ya hapo, majarida mengi yalikuwa mikononi mwa jumuiya za wataalamu wenyewe, na mengi hayakuleta faida yoyote ya fedha.

Hali iligeuka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Serikali za nchi tajiri zilianza kugharimia utafiti kwa fedha nyingi, na wafanyabiashara wakaona nafasi. Aliyeiona mapema kuliko wengi ni Robert Maxwell, aliyeipa kampuni yake jina la Pergamon Press mwaka 1951. Biashara hii ilisimama juu ya jambo moja jepesi kulieleza: jarida moja haliwezi kushika nafasi ya jingine. Mnunuzi wa sukari akiona bei imepanda dukani hapa huenda duka la pili. Lakini mkutubi aliyeombwa jarida fulani la kemia hawezi kumpa mtafiti jarida jingine la kemia na kumwambia kwamba yote ni mamoja. Kwa hiyo bei ikapanda, na maktaba zikaendelea kulipa. Mwaka 1991 Maxwell aliiuza Pergamon kwa kampuni ya Elsevier ya Uholanzi kwa pauni milioni 440.

Ajabu ya utaratibu huu ni kwamba bidhaa yenyewe hutolewa na vyuo vikuu. Mtafiti hulipwa mshahara na chuo chake, huandika makala na kumkabidhi mchapishaji pasipo kulipwa. Wenzake huipitia na kuitolea maoni, nao vilevile hawalipwi. Kisha maktaba ya chuo kilekile huinunua kwa bei asiyoipanga mwenye chuo. Katika nchi zetu mzigo huu ulikuwa mzito zaidi. Katika miaka ya 1980 na 1990, bajeti za vyuo vikuu zilipopunguzwa na thamani ya fedha zetu kushuka, maktaba nyingi za Afrika zilikatiza ununuzi wa majarida ya ng'ambo, na rafu zikabaki na matoleo ya zamani.

MLANGO WAFUNGULIWA UPANDE MMOJA

Mtandao wa intaneti ulileta tumaini jipya. Tarehe 14 Februari 2002 ulitangazwa mwito wa Budapest, uliotokana na mkutano wa Desemba 2001, ukitaka makala za utafiti zisomwe na kila mtu bila malipo. Mwaka 2003 yalifuata matamko ya Bethesda na Berlin. Mwito wa Budapest ulitaja njia mbili: mwandishi kuhifadhi nakala ya kazi yake katika hazina iliyo wazi, na kuanzishwa kwa majarida yaliyo huria tangu mwanzo.

Katika njia hiyo ya pili ndipo lilipozuka swali la gharama. Ikiwa msomaji halipi, nani atalipa? Jibu lililopata nguvu ni kwamba alipe mwandishi. Jarida la PLoS Biology lilipotoka Oktoba 2003 lilitoza dola 1,500 kwa makala moja. Mwaka 2004 kampuni ya Springer ilimruhusu mwandishi kuifungua makala yake katika jarida la kawaida kwa dola 3,000. Kufikia Novemba 2020, jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500. Majarida kadhaa yaliweka msamaha kwa waandishi wa nchi maskini, lakini msamaha huombwa, na aombaye hungoja.

Hivyo basi mlango uliofunguliwa kwa msomaji ulielekea kumfungia mwandishi. Zamani mtafiti wa Nairobi aliweza kuchapisha asiweze kusoma. Sasa aliweza kusoma asiweze kuchapisha. Maktaba nazo zilijikuta zikilipa mara mbili, kwani ziliendelea kununua jarida lilelile ambalo wahadhiri wao walikuwa wakililipia ada ya kufungua makala.

KUZALIWA KWA MIKATABA

Dawa iliyotafutwa ni kuyaunganisha malipo hayo mawili katika mkataba mmoja: maktaba ilipe fungu moja, na kwa fungu hilo watu wa chuo wapate kusoma majarida yote ya mchapishaji, na vilevile wapate kuchapisha makala huria bila kutozwa mmoja mmoja. Majaribio ya awali yalifanywa na Springer pamoja na Max Planck ya Ujerumani mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha California mwaka 2009.

Hata hivyo, nchi iliyolifanya jambo hili kuwa sera ya taifa ni Uholanzi. Mwishoni mwa mwaka 2013, Sander Dekker, aliyekuwa na dhamana ya elimu na sayansi katika serikali, alilieleza bunge kwamba makala zote za utafiti unaogharimiwa na umma ziwe huria kufikia mwaka 2024. Vyuo vikuu vya nchi hiyo vikaamua kuzungumza kwa sauti moja. Springer ilikubali mwaka 2014. Elsevier ilisita, na mwaka 2015 vyuo vikawahimiza wahariri wao wajiuzulu katika majarida ya kampuni hiyo. Desemba mwaka huo mapatano yakafikiwa. Mwaka huohuo wa 2015, wataalamu wa maktaba ya Max Planck walikadiria kwamba maktaba za dunia hutumia kiasi cha euro bilioni 7.6 kwa mwaka kununua majarida. Hoja yao ilikuwa kwamba fedha za kuifungua elimu yote zimo tayari katika mfumo. Kinachotakiwa ni kuzielekeza upya.

Mifano iliyofuata inaonyesha kwamba nguvu ya maktaba ilikuwa katika kuwa tayari kukaa bila majarida. Uswidi ilikatiza mkataba wake na Elsevier mwaka 2018 na kurudi mwaka 2019 kwa masharti mapya. Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo na kampuni hiyo Februari 2019, kikakaa miaka miwili, na kutia saini Machi 2021. Ujerumani ilipatana na Wiley Januari 2019 kwa euro 2,750 kwa makala, na Springer Nature mwaka 2020, lakini Elsevier haikukubali mpaka mwaka 2023. Ni dhahiri kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepewa alichokitaka kwa kuomba.

AFRIKA MASHARIKI: HISANI NA HAKI

Kwetu sisi historia ilipita njia nyingine. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa lilianzisha mpango wa HINARI, wa kuzipa taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mipango ya kilimo na mazingira ikafuata. Faida yake ilikuwa kubwa, na haifai kuibeza. Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwanzoni mwa mwaka 2011, wachapishaji kadhaa waliyaondoa majarida yao katika mpango huo nchini Bangladesh, wakiona kwamba nchi hiyo imekuwa soko. Waliyarudisha baada ya malalamiko ya ulimwengu. Hata hivyo somo lilikuwa limekwisha kutolewa, kwamba kilichotolewa kwa hisani huweza kuondolewa bila kuvunja ahadi yoyote.

Ndiyo maana kuanzishwa kwa KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, mwaka 2003, ni tukio la maana katika historia hii. Maktaba zetu zilianza kununua kwa pamoja, na kupitia shirika la EIFL, lililoanza mwaka 1999, zikaingia katika mazungumzo ya kimataifa. EIFL imepatana na wachapishaji mbalimbali ili waandishi wa nchi wanachama wachapishe makala huria bila ada au kwa ada iliyopunguzwa. Mwaka 2023 Cambridge University Press nayo ilitangaza mpango wa kuwaondolea ada waandishi wa nchi zaidi ya mia moja zenye kipato cha chini na cha kati.

Mikataba hii ina masharti ambayo mtafiti hana budi kuyajua. Kwa kawaida anayehesabiwa ni mwandishi mmoja tu, yule anayeandikiana na mhariri kwa niaba ya wenzake. Na ni lazima chuo chake kiwe kimo katika orodha. Mkataba una mwanzo na mwisho, na baadhi una idadi ya makala kwa mwaka. Kwa hiyo wa kuulizwa kwanza, kabla ya makala kupelekwa, ni mkutubi. Aidha tukumbuke walioachwa nje: mstaafu, mwalimu wa shule ya sekondari, na mtafiti asiye na chuo, wakiwamo wazee wa pwani ambao ujuzi wao wa tenzi na lahaja unashinda wa wengi wetu.

SUALA LA LUGHA

Hapa ndipo penye uzito kwa idara za lugha za Kiafrika. Mikataba niliyoitaja inahusu majarida ya makampuni makubwa, na majarida hayo karibu yote ni ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mtaalamu wa Kiswahili anaondolewa ada akiandika juu ya Kiswahili kwa Kiingereza, ilhali jarida la Kiswahili, ambalo halimo katika mkataba wowote, linakosa fedha za mhariri. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini maji hufuata mkondo, na mkondo umechimbwa upande mmoja.

Njia nyingine ipo, nayo si ngeni. Brazili ilianzisha SciELO mwaka 1998 kwa fedha za umma, na majarida ya Kireno na Kihispania yakapata makao yaliyo wazi kwa wote. Mwaka huohuo African Journals Online ilianza kuyaonyesha majarida ya bara letu. Swahili Forum, lililoanza Köln mwaka 1994, linasomwa bila malipo. Nasi tusisahau historia yetu wenyewe: jarida la Kamati ya Lugha lililoanza mwaka 1930, ambalo baadaye liliitwa Swahili na hatimaye Kiswahili, lilitoka katika chombo kilichogharimiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Nia za watawala hao zinajulikana, na hatuzitetei. Ila waliona kwamba lugha haisanifiwi bila jarida, na kwamba jarida haliachiwi soko.

HITIMISHO

Tumeona kwamba gharama ya uchapishaji imehama kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi, na kutoka kwa mwandishi kwenda kwa maktaba, bila ya kuhama mikononi mwa wachapishaji walewale. Mikataba imeleta nafuu ya kweli, na mhadhiri anayeiacha ajilaumu mwenyewe. Hata hivyo, nafuu si suluhisho. Mwaka 2023 muungano wa wafadhili wa Ulaya, ambao tangu mwaka 2018 umekuwa ukihimiza uchapishaji huria, ulitangaza kwamba hautaendelea kuiunga mkono mipango ya mpito ya namna hii baada ya mwaka 2024, na hilo ni onyo kwa kila anayeitegemea.

Pendekezo letu ni moja. Kila muungano wa maktaba unapotenga fungu la mikataba ya ng'ambo, utenge pia fungu, hata likiwa dogo, la majarida ya hapa yasiyomtoza mwandishi wala msomaji. Vyuo vikuu navyo vihesabu kazi ya kuhariri majarida hayo kuwa kazi ya taaluma wakati wa kupandisha watu vyeo. Tusipofanya hivyo, watakaokuja baada yetu watausoma utafiti wa Kiswahili bure, lakini watausoma kwa lugha nyingine.