Ufugaji wa teria katika pwani ya Tanga

Teria ni kundi la mbwa, wengi wao wadogo, waliozalishwa hasa nchini Uingereza kwa ajili ya kuwinda panya, mbweha na wanyama wengine wanaojificha mashimoni. Jina lao linatokana na neno la Kilatini terra, yaani "ardhi", lililopitia Kifaransa. Kizazi baada ya kizazi walichaguliwa kwa wepesi, ujasiri na uwezo wa kuamua wenyewe wakiwa chini ya ardhi, mbali na macho ya bwana wao. Ndiyo sababu teria wa leo huchimba, hubweka na hukimbiza chochote kinachokwenda mbio. Tabia hizo si ukorofi, bali ni kazi iliyokosa mahali pa kufanyikia, na malezi mema huanza kwa kumpa mbwa kazi nyingine.

Katika Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania malezi hayo yana masharti ya pekee kutokana na joto, kupe, mbung'o, hatari ya kichaa cha mbwa na makazi ambamo nyumba zimekaribiana.

Asili na aina

Aina mojawapo inayojulikana sana ni Jack Russell, iliyopewa jina la John Russell (1795–1883), mchungaji wa Kianglikana aliyependa uwindaji. Akiwa mwanafunzi huko Oxford mwaka 1819 alinunua mbwa jike aliyeitwa Trump, ambaye huhesabiwa kuwa chanzo cha ukoo huo. Jack Russell huwa na uzito wa kilo 5 hadi 8 hivi. Yorkshire ni mdogo zaidi, takriban kilo 3, na Airedale huzidi kilo 20.

Teria mmoja chotara aliingia hata katika historia ya muziki wa pwani. Nipper, aliyezaliwa Bristol mwaka 1884, alichorwa akisikiliza gramafoni, na picha hiyo ikawa alama ya santuri za His Master's Voice, kampuni iliyomrekodi Siti binti Saad wa Zanzibar mjini Bombay kuanzia mwaka 1928.

Mbwa wengi wa Tanga ni wa kienyeji au chotara. Misingi ya mafunzo na afya iliyoelezwa hapa huwafaa hao pia.

Mafunzo ya msingi

Mbwa hujifunza kwa kuunganisha tendo na kinachofuata papo hapo. Zawadi inayotolewa sekunde moja au mbili baada ya tendo hueleweka; inayochelewa humtuza kwa jambo jingine alilokwisha kulifanya. Vivyo hivyo adhabu: mbwa anayepigwa anaporudi nyumbani baada ya kutoroka hajifunzi kutotoroka, bali hujifunza kwamba kurudi kuna maumivu. Teria anayepigwa mara kwa mara huweza pia kuanza kuuma kwa kujihami.

Dakika 5 mara mbili au tatu kwa siku hufaa kuliko saa nzima, kwa kuwa teria huchoka upesi kurudia jambo lilelile. Kipande kidogo cha dagaa mkavu kisicho na chumvi nyingi hutosha kuwa zawadi. Maneno ya amri yawe mafupi na yenye sauti tofauti. Kwa mfano, "kaa" na "lala" zina irabu moja na huweza kumchanganya mbwa. "Keti", "njoo" na "acha" hutofautika vizuri. Watu wote wa nyumbani watumie maneno yaleyale. Baba akisema "njoo", mama "hebu huku" na watoto wakipiga mluzi, mbwa hana amri hata moja.

Amri muhimu kuliko zote ni "njoo". Hufundishwa kwanza ndani ya uwanja uliofungwa, kisha kwa kamba ndefu, na mwisho mahali penye vishawishi. Kila anapokuja apokewe vizuri, hata kama amechelewa.

Kuzoea mazingira

Umri wa wiki 3 hadi takriban wiki 14 ndio unaomjenga mtoto wa mbwa kwa maisha yake yote. Katika kipindi hicho azoeshwe kwa upole watu wazima na watoto, kanzu na baibui, bodaboda, sauti ya adhana, mvua juu ya bati, kuku na mbuzi. Kwa kuwa bado hajakamilisha chanjo, abebwe mikononi badala ya kutembezwa mahali wanapozurura mbwa wengine.

Jaribio kubwa katika mji wa Tanga ni baiskeli, ambazo ni nyingi kuliko katika miji mingi ya nchi. Teria huiona baiskeli kama windo linalokimbia, na mpanda baiskeli aliyeshtuliwa huweza kuanguka na kuumia vibaya. Mbwa asimame na kamba mbali na barabara, mahali ambapo baiskeli haimsisimui. Kila akiiona na kisha kumgeukia mfugaji, atuzwe. Umbali upunguzwe kidogo kidogo kwa siku nyingi. Akianza kuvuta na kubweka, hiyo ni ishara kwamba amesogezwa mapema mno. Mbwa ambaye hajafuzu zoezi hili asifunguliwe kamba njiani.

Kazi za nyumbani

Teria asiye na kazi hujitafutia: huchimba chini ya uzio, hutafuna kandambili na kubwekea kila kivuli. Kona moja ya uwanja inaweza kuwekwa mchanga laini na kuachwa iwe ya kuchimba, na vitu vya kutafuta vikafukiwa humo. Mchezo mwingine ni kufunika kipande cha chakula chini ya kimoja kati ya vifuu vitatu vya nazi, ili akitafute kwa pua. Dakika chache za kunusa humchosha mbwa kama matembezi marefu. Wavu wa uzio ufukiwe walau sentimita 30 ardhini.

Matembezi mawili kwa siku ni ya lazima. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana katika pwani hii huzidi nyuzi 30, hali hewa ina unyevu mwingi. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, na unyevu hupunguza nguvu ya njia hiyo. Matembezi yawe alfajiri au baada ya jua kupoa. Kama mtu hawezi kuweka mgongo wa mkono juu ya lami kwa sekunde 5, nyayo za mbwa pia zitaungua. Mbwa anayehema kupita kiasi, kutoa ute mzito na kupepesuka apelekwe kivulini, aloweshwe maji, apepewe na afikishwe haraka kwa daktari wa mifugo.

Chakula na sumu

Ugali au wali uliochanganywa na dagaa, samaki au nyama humfaa mbwa, mradi protini isiwe kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa na miiba mikubwa ya samaki huweza kutoboa utumbo. Mchuzi wenye vitunguu haufai, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu. Chokoleti na zabibu pia ni sumu kwake.

Ufukweni kuna hatari ya bunju, samaki anayejivimbisha, ambaye sumu yake haina kiuasumu. Teria hupenda kuokota mizoga, kwa hiyo amri ya "acha" hapo huweza kuokoa maisha yake. Nyumbani, anayefuga teria wa kukamata panya asitumie sumu ya panya, maana mbwa hudhurika kwa kula sumu yenyewe au panya aliyekufa kwayo. Panya pia hubeba viroboto. Katika milima ya Lushoto, ambako mlipuko wa tauni uliripotiwa mwaka 1980 na ugonjwa ukarudi mara kadhaa, kumkinga mbwa dhidi ya viroboto ni kumkinga mwenye nyumba pia.

Magonjwa

Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, kwa mtu wala kwa mnyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vya watu takriban 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania. Mbwa achanjwe na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoelekeza. Kwa kawaida ni kila mwaka. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa anayeshukiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Distempa na parvo huua hasa watoto wa mbwa, na zote zina chanjo. Distempa haiishii nyumbani: mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mwishoni mwa 2000 na mwanzoni mwa 2001 iliua mbwa-mwitu 49 kati ya 52 waliokuwa wakifugwa Mkomazi, eneo lililo katika mikoa ya Kilimanjaro na Tanga.

Kupe hueneza magonjwa ya damu yanayoleta homa, ufizi mweupe na udhaifu. Baada ya kila matembezi masikio, kwapa na nafasi kati ya vidole zikaguliwe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa mbwa bila kipimo cha daktari.

Karibu na vichaka vya Pangani na Saadani kuna mbung'o, ambao hueneza nagana. Mbwa aliyeambukizwa hupata homa, huvimba uso na jicho lake huweza kuwa jeupe kama maziwa. Asipotibiwa mapema hufa. Tanga ni kituo cha zamani cha utafiti wa wadudu hao: mbung'o dume waliofanywa tasa, waliosaidia kuwatokomeza mbung'o kisiwani Unguja kufikia 1997, walizalishwa katika taasisi iliyoko mjini humo.

Majirani, dini na sheria

Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kufuga mbwa kwa ulinzi, uwindaji au kuchunga mifugo kunaruhusiwa. Kwa hiyo mfugaji, wa dini yoyote, huhifadhi ujirani mwema kwa kumzuia mbwa asirukie watu, hasa wanaokwenda msikitini, kumtengea vyombo vyake na kumfunga kabla ya kumkaribisha mgeni. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na mbwa, hata aliye mpole.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama na kumtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo. Teria huweza kuishi miaka 12 hadi 16, hivyo anayemchukua leo anachukua wajibu wa muda mrefu kuliko miaka ya shule ya msingi na sekondari ya mtoto wake. Asiye na uwanja, muda wa matembezi wala fedha za chanjo ni afadhali achague mnyama mtulivu zaidi.