Mwamba wa Mfinyanzi Unavyoizuia Gesi Asilia Kusini mwa Tanzania

Katika Kata ya Chilangala wilayani Newala, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Uwanda wa Juu wa Makonde, mvua hunyesha lakini maji yake hayakai. Udongo wa kichanga unaostawisha mikorosho huyanywa papo hapo, na mawe ya mchanga yaliyo chini yake huyapitisha hadi kina kirefu. Kwa sababu hiyo uwandani hakuna mito ya kudumu, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuteka maji, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyapandisha kutoka bonde la Kitangari.

Chini zaidi, ukanda huohuo wa kusini unahifadhi gesi asilia. Mwaka 2012 kisima cha Ntorya-1 mkoani Mtwara kiligundua gesi katika mawe ya mchanga yaliyo zaidi ya mita 2,500 chini ya ardhi, na mwaka 2024 Serikali ilitoa leseni ya kuendeleza eneo hilo. Gesi ni nyepesi kuliko maji, hivyo daima hutafuta njia ya kupanda. Ikiwa mawe ya mchanga hayawezi kuyazuia hata maji ya mvua, ni nini kilichoizuia gesi hiyo isifike juu na kupotea angani katika mamilioni ya miaka?

Jibu ni tabaka la mfinyanzi lililogandamizwa likawa mwamba, ambalo wataalamu huliita mwamba funiko. Mawe ya mchanga na mwamba wa mfinyanzi yote yana matundu yenye maji ndani yake. Tofauti iko katika ukubwa wa matundu hayo na namna yalivyoungana. Kiasi kinachoweza kupita kwenye mfinyanzi mzuri ni kidogo mara milioni moja, au zaidi, kuliko kile kinachopita kwenye mawe ya mchanga yanayotoa gesi.

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba gesi hukwama kwa kuwa haienei katika matundu. Molekuli ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ni ndogo kuliko matundu mengi ya mfinyanzi. Kinachoizuia hasa ni maji yaliyoshikamana na kuta za matundu hayo. Mtu akipuliza kwenye kitambaa kikavu cha pamba, pumzi hupita. Akikilowesha na kupuliza tena, hukuta ukinzani. Vivyo hivyo, gesi haiwezi kuingia katika mfinyanzi mpaka iwe na nguvu ya kuyasukuma maji hayo nje, na kadiri tundu lilivyo jembamba ndivyo nguvu inayohitajika inavyokuwa kubwa.

Nguvu hiyo hutokana na kimo cha gesi yenyewe. Gesi inavyozidi kurundikana chini ya mfuniko, ndivyo inavyousukuma zaidi kwenda juu. Kwa hiyo kila mwamba funiko una kimo cha juu cha gesi unachoweza kustahimili, na gesi ikipita kimo hicho huanza kuvuja. Kipimo hiki huwasaidia wataalamu kukadiria ni gesi kiasi gani inaweza kuwa imebaki chini.

Ubora wa mfinyanzi wa pwani ya kusini umeonekana hata katika kazi isiyohusu utafutaji wa gesi. Kuanzia mwaka 2002, wanajiolojia wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) walichoronga visima vya kisayansi katika maeneo ya Kilwa na Lindi ili kuchunguza tabianchi ya kale. Ndani ya mfinyanzi walikuta magamba ya viumbe wadogo wa baharini, mengine yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 40, yakiwa bado maangavu kama kioo. Mahali pengi duniani magamba ya umri huo yamegeuka meupe kama chokaa, kwa sababu maji yamepita ndani yake na kuyabadili. Kilwa maji hayakupata njia. Si rahisi kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Mfinyanzi wa aina hiyo unaweza kufunika gesi vizuri, lakini mwamba mzuri pekee hautoshi. Lazima utande juu ya eneo lote bila kukatika, na nyufa kubwa za ardhi zisiutoboe. Kisima cha Likonde-1, kilichochorongwa mwaka 2010 katika bonde hilohilo la Ruvuma, kilikuta mawe mazito ya mchanga yenye dalili za mafuta na gesi, lakini hakikupatikana kiasi cha kibiashara. Kisiwani Songo Songo, mfuniko ulitimiza kazi yake: gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 ilikuwa mahali pake ilipoanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004.

Tundu ambalo maumbile hayakuliweka ni kisima chenyewe, kwani hakuna njia ya kuifikia gesi bila kuutoboa mfuniko. Bomba la chuma hushushwa ndani ya shimo, na nafasi iliyo kati ya chuma na mwamba hujazwa saruji. Mwaka 2015, katika ghala la gesi la chini ya ardhi la Aliso Canyon karibu na Los Angeles, Marekani, bomba la kisima kimoja lilipasuka baada ya kuliwa na kutu, na takriban tani 100,000 za methani zikavuja kwa karibu miezi minne. Mwamba funiko wa eneo hilo ulikuwa mzima. Hiyo ndiyo sababu chuma na saruji hupimwa kwa shinikizo kabla ya kisima kutumika, na kisima kisichohitajika tena huzibwa kwa saruji katika kina ambako mfinyanzi ulitobolewa, wala si mdomoni pekee.