Hati Kwanza, Cheti Baadaye: Misitu ya Bonde la Yaeda

Ukiteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu kwenda magharibi, baridi inakuacha, mashamba yanapungua, na unaingia Bonde la Yaeda, nchi ya mibuyu na migunga. Hapa Wahadzabe wamewinda, wamechimba mizizi na kurina asali tangu enzi na enzi. Leo miti hiyo inalindwa chini ya cheti kinachotambulika kimataifa, lakini safari ya kukifikia ilikuwa ndefu na yenye machungu.

Mwaka 1964 serikali changa ya Tanzania ilitaka Wahadzabe watoke porini. Ikawajengea makazi Yaeda Chini, pamoja na shule na zahanati. Watu waliozoea kuishi katika makundi madogo wakasongamana mahali pamoja, maradhi yakaenea, wengi wakafa, na wengi wa waliosalia wakarudi porini. Kwa miaka mingi iliyofuata ardhi yao iliendelea kumegwa. Wafugaji wa Kidatoga walileta ng'ombe, wakulima wakafyeka mashamba ya mahindi, na wote hao walikuwa na shida zao za kweli. Tatizo ni kwamba pori lisilo na boma wala shamba lilihesabiwa kuwa halina mwenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilikaribia kupewa eneo hilo. Kelele zikapigwa ndani na nje ya nchi, ikajiondoa.

Mlango wa kutokea ulikuwa umeshafunguliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayoruhusu hati miliki ya kimila. Hati hizo zilizoeleka kutolewa kwa mtu mmoja au kaya. Shirika la Ujamaa Community Resource Team likashirikiana na wanakijiji na halmashauri kuomba hati ya jamii nzima, na mwaka 2011 Wahadzabe wakakabidhiwa zaidi ya hekta 20,000. Kwangu mimi, hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii.

Cheti kilifuata baada ya hapo. Kampuni ya Carbon Tanzania iliingia mkataba na jamii, mradi ukasajiliwa chini ya viwango vya Plan Vivo, taasisi yenye makao yake Edinburgh, Scotland. Kazi yenyewe hufanyika kwa miguu. Walinzi waliochaguliwa na vijiji huzunguka msituni na kuandika wanachokiona: kisiki kibichi, mtego, nyayo za mnyama, shamba jipya lililofyekwa. Taarifa zao hulinganishwa na picha za setilaiti. Kila tani ya hewa ya ukaa inayozuiwa kuingia angani kwa msitu kutofyekwa hupewa cheti kimoja cha kaboni, kikauzwa kwa wanunuzi wa nje, na sehemu ya fedha hurudi kijijini kuwalipa walinzi na kugharamia matibabu na ada za wanafunzi. Mradi ulioanzia Domanga na Mongo wa Mono ulipanuliwa baadaye hadi vijiji vingine vya Mbulu na Karatu.

Kilwa, katika pwani ya kusini, walipita njia nyingine. Huko vijiji vya Kikole na Kisangi, kupitia shirika la uhifadhi la MCDI, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu lililoanzishwa mwaka 1993. Wao huvuna mpingo na kuuza magogo yake. Yaeda huuza kutokata. Lakini Kilwa nako kijiji kilianza kwa kutambuliwa kisheria kuwa msimamizi wa msitu wake, ndipo mkaguzi akaitwa.

Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni, na maombi ya miradi yakaongezeka nchini. Madalali wa vyeti watafika pia wilayani Hanang, hadi Katesh na Jorodom. Viongozi wa vijiji, msitie saini mkataba wowote wa kaboni kabla mipaka haijapimwa, mpango wa matumizi bora ya ardhi haujapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, na hati haijawa mikononi mwa wananchi.