Eagles: miaka 28 kwa albamu moja

Najua nimeadimika, si mnajua tena msimu wa kazi za vikundi. Kikundi chetu nusura kivunjike. Tuko sita, tulioandika wawili, lakini majina kwenye karatasi ni sita na maksi ni sawa kwa wote. Juzi usiku nimenuna zangu kitandani, nawaza kufuta majina manne, mshikaji wangu wa chumbani akaweka Long Road Out of Eden ya Eagles. Nikaanza kufuatilia historia yake. Kumbe nao walizinguana kwa jambo lilelile!

Tuanze mwanzo. Eagles ilianzishwa Los Angeles mwaka 1971 na jamaa wanne waliokuwa wamempigia Linda Ronstadt: Glenn Frey, Don Henley, Bernie Leadon na Randy Meisner. Walichanganya kantri na roki, Leadon na banjo yake akivutia upande wa kantri. Mwaka 1974 akaingia mpiga gitaa Don Felder, roki ikaongezeka. Leadon akaondoka mwishoni mwa 1975, nafasi yake akachukua Joe Walsh. Desemba 1976 ikatoka Hotel California. Wimbo wenye jina hilo mnaujua, hata baa za huku kwetu unapigwa. Sasa shikeni hapa: muziki wa wimbo ule ulianza na Felder, ndipo Henley na Frey wakaweka maneno.

Mwaka 1977 Meisner naye akatoka, akaja Timothy B. Schmit. 1979 wakatoa The Long Run, halafu kimya.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Julai 31, 1980, huko Long Beach. Walikuwa wanapiga onyesho la kumchangia seneta Alan Cranston. Felder akamjibu seneta kwa namna ambayo Frey aliona ni dharau, basi usiku mzima wakawa wanatishiana ngumi palepale jukwaani, katikati ya nyimbo! Bendi ikafia hapo.

Lakini sisi wa historia tunafundishwa kutenganisha sababu ya karibu na sababu za mbali. Risasi za Sarajevo mwaka 1914 peke yake hazielezi Vita Kuu ya Kwanza, na seneta peke yake haelezi kifo cha Eagles. Sababu ya mbali ilikuwa nani ana sauti na nani anapata fungu gani. Henley na Frey ndio waliokuwa waandishi na waimbaji wakuu, na maamuzi yakawa yao.

Walirudiana 1994 na albamu ya Hell Freezes Over, ila ilikuwa zaidi ya onyesho, nyimbo mpya za studio nne tu. Safari hii mgao haukuwa sawa tena. Felder akawa anahoji hesabu. Februari 2001 akafukuzwa, akaenda mahakamani, kesi ikaja kuisha kwa makubaliano ya nje.

Albamu yenyewe ikatoka Oktoba 30, 2007, miaka 28 baada ya The Long Run. Nyimbo 20, diski mbili. Waliobaki ni Henley, Frey, Walsh na Schmit. Kwa Marekani hawakupitia kampuni kubwa ya muziki. Marekani waliiuza kwenye maduka ya Walmart, na wiki ya kwanza zikaondoka nakala 711,000. Kanuni za Billboard hazikuruhusu albamu ya muuzaji mmoja kushika namba moja. Wakabadilisha kanuni wiki hiyohiyo, na Eagles wakampita Britney Spears aliyeuza kama 290,000! Wimbo wa How Long, ambao rafiki yao J.D. Souther aliutoa mwaka 1972, ukawapa Grammy ya kantri mwaka 2008. Wazee wakarudi walikoanzia.

Mimi nimeisikiliza mara tatu. Sauti zinapopanda pamoja, nne kama moja, utadhani hawa watu hawajawahi kununiana. Ila ukijua historia unasikia pia pengo. Ule ugomvi wa mgao haukutatuliwa, aliyekuwa anauliza ndiye aliyetolewa. Henley na Frey walikuwa na hoja, anayebeba mzigo anachoka kugawana sawa. Felder naye alikuwa na hoja, bila yeye wimbo mkubwa kuliko yote usingeanza.

Frey akafariki Januari 18, 2016, akiwa na miaka 67. Mwaka 2017 bendi ikarudi jukwaani na mwanawe Deacon pamoja na Vince Gill, lakini albamu ile ndiyo ya mwisho ya studio ya Eagles aliyoimba Frey. Kusubiri miaka 28, kisha wakabaki na minane tu.

Hapo ndipo nilipoiangalia ile karatasi yetu upya. Kati ya wale wanne niliotaka kuwafuta, mmoja hakuandika hata aya, ila mada yenyewe aliitoa yeye, tena siku ambayo sisi wengine tulikuwa hatuna wazo lolote. Mimi nilishasahau kabisa. Nimeacha majina yote sita, na kesho namtafuta tuongee uso kwa uso kuhusu kazi inayofuata.

Haya wadau, nina testi saa 2 asubuhi na sijagusa kitu. Tupo pamoja.